Siku Tano Kufuata Kinamasi, Kutoka Kisii Hadi Ng'ambo ya Manga

Niliondoka mjini Kisii kwa sababu ya paa. Nauza chumvi, sabuni, viberiti na sukari ya kupimwa, chini kabisa, juu ya gunia, katika soko la wazi. Na yeyote anayeujua mji wetu anajua kwamba mvua hapa haina likizo. Ikifika saa nane mchana huingia bila hodi. Mwuza ndizi hufurahi, maana ndizi zake zimeoshwa bure. Chumvi haioshwi. Ikinyeshewa mara mbili, mwenyewe anabaki na gunia bichi na hadithi.

Kwa hiyo baraza la mji lilipoleta ramani ya soko jipya lenye vibanda vya mabati, mimi nilikuwa wa kwanza kuipenda. Soko lingejengwa bondeni, chini ya barabara, palipo na kinamasi cha mafunjo. Kwenye ramani pale paliandikwa maneno mawili: ardhi tupu. Mifereji ingechimbwa, malori yangemwaga udongo, na juu yake vingesimama vibanda arobaini. Nilivihesabu mara mbili. Changu kilikuwa cha pembeni, karibu na lango. Wenzangu wa sokoni walikuwa wamenichagua niwawakilishe kwenye kamati ya viwanja, basi msiniulize kilifikaje pembeni, karibu na lango.

Aliyetukatiza raha ni mpimaji wa baraza, mtu mwembamba asiyepandisha sauti. Siku ya kikao alikohoa kidogo akasema, "Waheshimiwa, niliandika tupu kwa sababu sikuona nyumba. Sikuuliza kinamasi hicho kinafanya kazi gani. Ng'ambo ya Manga, upande wa Nyamira, kuna mabonde mawili yaliyopakana. Moja limekaushwa, la pili bado. Mmoja wetu aende akaone kabla hatujapiga kura."

Mwenyekiti alitazama huku na huku. Ghafla kila diwani alikuwa na matanga ya kuhudhuria. Nikainua mkono.

"Nenda wewe, Bwana Chumvi," mwenyekiti akasema, huku akitabasamu. "Wewe ndiye unayejua kuhesabu. Kura ni Jumatano ijayo."

Wote pale walijua nitarudi na jibu gani. Hata mimi nilijua.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilimwachia Bosibori gunia langu. Bosibori huuza ndizi karibu nami, na ulimi wake hauna siku ya kupumzika.

"Kwa hivyo unaenda kuhesabu matope?" akaniuliza.

"Mara mbili," nikamjibu, "yasije yakapungua."

Kwetu hakuna safari ya tambarare. Ukipanda kilima unashuka bonde, na kila bonde lina mto wake chini, mwembamba kama kamba, unaokungoja uvue viatu. Ramani ya baraza ilionyesha mito miwili kati ya mji na Manga. Nilivua viatu mara saba. Kwenye wa nne nilianza kumshuku mchoraji; kwenye wa saba nilianza kujishuku mwenyewe, mtu aliyeishi hapa miaka yake yote na kudhani maji hutoka kwenye ndoo.

Saa sita na nusu nilifika juu ya Manga. Nilikuwa nimesikia habari za mahali pale tangu utoto, lakini masikio hayana macho. Ardhi inakatika ghafla miguuni pako, mwamba unashuka wima, na mbali, mbali kabisa, ziwa limelala likiwaka kama bati jipya. Kati yako na ziwa hilo kuna nchi nzima. Nilijaribu kuhesabu vijito vinavyoteremka huko, nikafika kumi na kitu, wingu likapita, nikaanza upya, lingine likapita. Nikaketi. Tai alipita chini yangu. Sikuwahi kabla ya hapo kuuona mgongo wa tai.

Jioni nililala kwa binamu ya mke wangu, ambaye alinilisha ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu ile inayokufanya useme asante kwa machozi.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nililifikia bonde lililokaushwa. Mwenyeji wangu aliitwa Nyamweya, mkubwa wa ndugu watano, mtu wa makamo mwenye mabega ya kubeba milango. Alikuwa akipalilia kabichi ambazo, kwa heshima zote, zilikuwa na ukubwa wa ngumi.

"Umetumwa na baraza?" akauliza. "Mnataka kutupimia tena?"

"Nataka kuona tu mlivyokausha."

"Ah. Hiyo nitakuonyesha bure."

Tukateremka. Alinieleza kisa chote tukitembea, bila kujitetea. Wakati wa kupimiwa ardhi na kuandikiwa hati, baba yao alitaka asilalamikiwe kaburini. Aliligawa shamba kwa vipande vitano virefu, kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, ili kila mwana apate juu mahali pa nyumba, ubavuni mahali pa majani chai, na chini ncha yake ya kinamasi. Alipima kwa kamba, akarudia kwa hatua. Mtu wa kupima mara mbili: nilimpenda hata bila kumwona.

"Ndugu yangu wa pili alichimba mfereji akaushe ncha yake, apande kabichi," Nyamweya akasema. "Maji yakahamia kwangu. Ningefanya nini? Nikachimba. Yakahamia kwa wa tatu, naye akachimba. Ilipofika kwa wa tano, mfereji wake ulikuwa na kina cha kunizidi kimo."

"Na hii mikaratusi?"

"Mipaka. Tulipanda mistari minne ili asiwepo wa kumwibia mwenzake hata hatua." Akapiga shina la mmoja kwa kiganja, kama mtu anayempiga mgongoni mgeni mlevi. "Ilikua upesi. Inakunywa upesi pia."

"Kabichi zilikuwaje?"

"Msimu wa kwanza, hivi." Akapanua mikono. "Wa pili, hivi." Akaikaribianisha mikono. "Huu umeuona." Halafu akanionyesha jiwe jeusi katikati ya majani makavu. "Hapo ndipo palikuwa na ensoko ya mama. Chemchemi. Alichota hapo tangu siku aliyoolewa. Baba aligawa kwa haki, Bwana. Hata nusu hatua hakukosea. Na sisi tukakausha kwa haki vilevile."

Nikainama, nikaligusa lile jiwe. Lilikuwa kavu.

Saa tisa mvua ikaja. Tulijibanza chini ya paa la kibanda cha kukusanyia majani chai, nami nikatoa saa yangu. Dakika kumi na mbili baada ya tone la kwanza, mto uliokuwa mwembamba ulishuka ukiwa mwekundu, unanguruma, umebeba udongo, majani na kabichi mbili. Saa kumi na nusu ulikuwa umerudi kuwa kamba. Maji yalikuja na kuondoka kama wageni wa harusi isiyo na chakula.

"Sasa ya kunywa mnachota wapi?"

Nyamweya alielekeza kidevu juu ya kilima. "Ng'ambo, kwa shemeji. Wake zetu hupanda na kushuka, asubuhi na jioni. Usiwaulize wanatuambia nini wakirudi."

Jioni hiyo, jua likiwa limebaki upana wa kidole, niliteremka katika bonde la pili, ambalo watu wake huliita Nyansoko. Shemeji mwenyewe ni Mama Kerubo, mjane wa binamu yao, mwanamke mrefu wa Kiadventisti mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alinipa kiti, maji ya kunawa, na maziwa ya moto. Ubavu wote wa kilima chake ni majani chai, lakini chai nyumbani mwake haipikwi, kwa imani yake.

"Mama, mnalima chai na hamnywi?"

"Wewe si unauza viberiti? Huwa unavila?"

Nikanywa maziwa. Kisha nikaanza biashara iliyonileta. "Kesho nitakuomba unionyeshe chemchemi zenu. Nizihesabu tu, sitachukua muda."

"Kesho ni Sabato, tata," akasema, akiniita baba kwa Kigusii. "Imeshaingia hata sasa."

"Kuhesabu si kulima."

"Kazi yako wewe ni ipi, siku zote?"

"Kuuza. Kuhesabu."

"Basi umejijibu."

Nimewahi kupunguziwa bei na wenye maduka wagumu kuliko mwamba wa Manga, kwa hiyo sikukata tamaa. "Nikihesabu moyoni, midomo isitikisike?"

"Mungu husoma moyo kwanza, midomo baadaye." Akasimama kufunga mlango. "Ila mchana baada ya ibada tutatembea kutazama kazi ya mikono yake. Hiyo si kwamba inaruhusiwa tu, inatakiwa. Unaweza kutazama?"

Nikasema naweza. Sikujua kwamba nilikuwa nadanganya, maana sikuwa nimewahi kutazama kitu bila kukipa idadi.

Jumamosi niliketi kanisani nikiimba nyimbo nisizozijua. Tulikula chakula kilichopikwa jana yake, kisha saa nane akina mama, wazee na wageni tukateremka polepole kuelekea bondeni, katika mavazi ya ibada. Tulipofika kwenye mstari wa miti mikubwa ya kienyeji, wanaume wawili waliokuwa mbele walivua kofia, kama watu wanaopita mlango.

Chini ya miti hiyo kulikuwa na mafunjo, na mafunjo yalikuwa marefu kunizidi mara mbili. Hiyo si hesabu, ni shingo yangu ilivyouma. Mama Kerubo aliniambia nivue viatu. Nikakanyaga, na ardhi ikapumua. Sijui neno jingine. Ilizama kidogo chini ya mguu wangu na kuinuka hatua mbili mbele, kama godoro lililolaliwa na mtu mkubwa upande wa pili. Tulikuwa tumesimama juu ya mizizi iliyofumana, na chini yake maji, kina chake hakuna anayekijua.

Mahali fulani mafunjo yaliachana, pakawa na kisima kidogo cheupe chini. Mchanga wake ulikuwa ukichemka bila moto: unainuka, unageuka, unashuka, na maji yanatoka katikati yake baridi na safi, wala hayakuwa na haraka. Nilipiga magoti na suruali yangu ya heshima. Nilifikiri: yanatoka sasa, na yalikuwa yakitoka jana nilipokuwa nabishana, na yalitoka usiku ule nilipozaliwa, na hakuna aliyeyaamuru.

Kisha korongo wakaja, wale wenye taji la dhahabu kichwani, wakitua mmoja baada ya mmoja kwenye majani mafupi, na mmoja akaanza kurukaruka, mabawa wazi, mbele ya mwenzake, bila aibu yoyote, mbele ya waumini wote.

"Midomo yako inatikisika," Mama Kerubo akanong'ona.

"Naomba, mama."

"Unaomba kwa tarakimu?"

Akina mama wakacheka kwa viganja mdomoni. Nikaacha. Nilitazama tu, mpaka jua likashuka, na ulikuwa mchana mrefu kuliko yote niliyowahi kuishi.

Jumapili, kabla umande haujakauka, nilipewa ruhusa, nikahesabu kama anavyokula mtu aliyenyimwa chakula. Chemchemi tisa. Nikarudia: tisa. Wanawake waliokuwa wakichota walinisahihisha: ni kumi na moja, kwa sababu mbili zimejificha chini ya majani na huonekana kiangazi tu, zile nyingine zinapochoka. Nikaziandika. Nilijifunza pia masharti ya pale. Chungu chenye masizi hakitumbukizwi katika chemchemi. Unachota kwa kibuyu safi na kumimina. Nyasi za kuezekea hukatwa kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine, upande mmoja kila mwaka. Na jembe halivuki mstari wa miti.

"Wapimaji wa ardhi walipokuja," Mama Kerubo akaeleza, "walitaka kuvuta mipaka mpaka mtoni, kama kwa akina Nyamweya. Sisi nyumba saba tukawaambia: mstari wa kila mtu uishie kwenye miti. Huku chini andikeni jina la wote saba. Walituona washamba."

"Na mliwezaje kukubaliana, nyumba saba?"

"Hatukukubaliana. Tuligombana mwaka mzima. Lakini tuligombana kwanza, tukapimiwa baadaye. Wenzetu walipimiwa kwanza."

Mchana nilipanda peke yangu juu ya kilima kilichoyatenga mabonde mawili, mahali unapoyaona yote, nikangoja mvua kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiitamani. Ilikuja saa nane na robo, mvua ile ile moja, wingu moja, kushoto na kulia. Kushoto, kwa akina Nyamweya, mto ulinguruma ukiwa mwekundu kama siku ile, ukapita. Kulia hapakutokea kitu. Nilipangusa saa. Hapakutokea kitu. Mafunjo yaliyumba, yakanywa, yakanyamaza. Nilipoteremka mpaka pale kijito kinapotokea, maji yalikuwa yamepanda kina cha vidole viwili, na ningeweza kusoma gazeti chini yake. Jumatatu alfajiri, nilipokuwa naaga, vidole viwili vile bado vilikuwepo. Bonde lile lilikuwa linalipa mvua ya jana polepole, kama mtu mwaminifu.

Mama Kerubo alinifungia ndizi katika jani. "Na hicho chenu cha mjini," akauliza, "mtakifanyaje?"

"Kura ni Jumatano."

"Sikuuliza siku."

Jumatatu nzima nilitembea kurudi, na swali lile lilikuwa zito kuliko zile ndizi. Nilipofika mjini jioni sikuenda nyumbani. Niliteremka chini ya barabara, nikavua viatu, watu wakinitazama kutoka juu, nikakanyaga ardhi yetu tupu. Ikapumua.

Jumanne na Jumatano asubuhi nilisimama hapo tangu alfajiri hadi saa tatu, nikihesabu wanawake wenye ndoo na madebe waliokuja kuchota ukingoni. Siku ya kwanza mia moja na kumi na wawili. Ya pili mia moja na kumi na tisa. Wengi wao hununua chumvi kwangu, nami sikuwahi kuwauliza wanaitia katika maji gani.

Jumatano, saa tano, tukaketi. Nilieleza yote niliyoyaona. Diwani mmoja mnene, aliyeahidiwa kandarasi ya udongo, aliegemea nyuma akauliza, "Bwana Chumvi, vyura wangapi hupiga kura mji huu?"

Kicheko. Nikangoja kiishe.

"Vyura sikuwahesabu, mheshimiwa. Nilihesabu wenye ndoo, na kila mmoja ana kura, na kila mmoja ana mume anayekula alichopika. Ukiwafungia maji, nitakusaidia kuwahesabu tena siku ya uchaguzi."

Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Lakini wewe si una kibanda pale? Kile cha langoni?"

"Ninacho."

"Na bado unasema hapana?"

Niliwatazama. Nilikuwa na hoja nyingi nilizozipanga njiani, zote zikanitoka isipokuwa ile ya sokoni. "Mwenyekiti, mimi ni mtu wa soko. Mahali pasipo na jina sokoni, kufikia asubuhi pana mtu. Tukisema tu kwamba tunakiacha kinamasi, mwakani kitaandikwa tena tupu, na kitagawiwa. Leo mpimaji akichore. Akizungushie mstari, hatua thelathini kutoka majini, pasilimwe na pasipandwe mkaratusi. Na ndani yake aandike kazi zake: maji ya kunywa, kupunguza mafuriko, nyasi za kuezekea, makao ya ndege. Kiwe na kiwanja chake kama mimi na wewe. Soko lipande ubavuni, kwenye ardhi ngumu."

"Ubavuni vibanda vinatosha kumi na vinane tu," mpimaji akasema. Ilinibidi nimpende mtu huyo kwa ukweli wake, ingawa si siku hiyo.

Tulibishana mpaka saa nane. Waliomba hatua kumi, nikasema thelathini. Wakasema kumi na tano, nikakusanya karatasi zangu kama mtu anayeondoka dukani. Tukakubaliana ishirini na tano. Kura zilipita kwa tofauti ya mikono miwili. Niliihesabu tena. Mpimaji akafuta yale maneno mawili kwa ufutio, akapuliza vumbi, akaandika kwa herufi ndogo nadhifu kazi nne za kinamasi.

Vibanda kumi na vinane viligawiwa kwa waliokuwa hawajaahidiwa chochote kabla, ndiyo haki. Bosibori alipata. Sasa ndizi zina paa, na chumvi haina. Wapo wenzangu arobaini kasoro wachache ambao kwa miezi kadhaa hawakuitikia salamu yangu, na mpaka leo nikipita kuna anayelia kama chura nyuma yangu. Sijui ni nani. Ana kipaji.

Nilichojifunza naweza kukiweka kifupi: kabla hujaandika kwamba mahali ni patupu, teremka ukaulize nani amekuwa akifanya kazi hapo. Kilichobaki sikijifunzi, kinanipata tu. Masika hii, mvua kubwa ilipoanza, Bosibori aliniita kutoka chini ya bati lake, "Bwana Chumvi! Funika mali yako! Unaenda wapi?" Nilikuwa nimeshafika darajani, pale kijito kinapotoka kinamasini. Barabara juu ilikuwa inashusha maji mekundu, yanaingia katika mafunjo kwa kelele, na huku upande wangu yanatoka kimya, meupe, polepole. Nilisimama hapo mpaka chumvi yangu ikaloa.